Ruta ya bendi mbili iliyokarabatiwa

Ruta ya bendi mbili iliyokarabatiwa ni kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani bila waya ambacho kiliwahi kutumika au kurudishwa dukani, kisha kikakaguliwa, kikarekebishwa na kuuzwa tena kwa bei ya chini kuliko kipya. Huitwa ya bendi mbili kwa sababu hurusha mawimbi ya redio katika masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5.

Nchini Tanzania vifaa vya namna hii hupatikana hasa katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na kutoka huko husafirishwa mikoani, mara nyingi kama kifurushi kwenye basi. Mnunuzi aliyeko Kondoa, mji wa Mkoa wa Dodoma ulioko kilomita 160 hivi kaskazini mwa jiji la Dodoma kwenye barabara ya kwenda Babati, kwa kawaida hulipa kwa simu kabla hajakiona kifaa chenyewe. Kukirudisha ni safari nyingine na nauli nyingine, kwa hiyo maswali mengi yanafaa kuulizwa kabla ya kutuma pesa.

Jina

Kwa Kiswahili ruta huitwa pia kipanga njia. Mitaani wengi husema "Wi-Fi" au "modemu" tu, ingawa modemu ni kitu kingine. Kifaa kilichotumika huitwa cha mtumba.

Neno "iliyokarabatiwa" linatumika kwa mambo matatu tofauti. Kuna ruta zilizorudi kiwandani, zikapimwa na kufungashwa upya na kampuni iliyozitengeneza. Hizo huja na dhamana, ingawa mara nyingi ni fupi kuliko ya kifaa kipya. Kuna zilizofunguliwa na fundi, akabadilisha adapta au kapasita zilizovimba. Na kuna zilizopanguswa vumbi tu. Aina ya tatu ndiyo inayouzwa sana kwa jina la aina ya kwanza.

Bendi mbili

Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na la gigahezi 5 halifiki hata nusu ya hapo: ni kama sentimita 5 hadi 6. Masafa ya gigahezi 5 hubeba data nyingi zaidi kwa sekunde na yana njia nyingi zisizoingiliana, lakini hudhoofika haraka yanapopita ukutani. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ila yana njia tatu tu zisizogongana (namba 1, 6 na 11), na hushirikiwa na bluetooth na majiko ya maikrowevu.

Sanifu ya 802.11n, iliyopitishwa mwaka 2009 na sasa kuitwa Wi-Fi 4, iliweza kutumia bendi zote mbili. Ile ya 802.11ac, yaani Wi-Fi 5, ilipitishwa Desemba 2013 na inafanya kazi katika gigahezi 5 pekee. Upande wa gigahezi 2.4 ruta hizo huendelea kutumia 802.11n. Ruta nyingi za mtumba zenye bendi mbili ni za vizazi hivyo viwili. Baadhi za zamani, kama Linksys WRT320N, zina bendi mbili kwa jina lakini hutumia moja tu kwa wakati mmoja.

Faida ya bendi ya pili hutegemea mahali. Katika ghorofa la Dar es Salaam lenye ruta katika kila nyumba, gigahezi 2.4 hujaa na kuhamia gigahezi 5 huleta nafuu kubwa. Kondoa, ambako nyumba nyingi ni za chini na ruta za majirani ni chache, msongamano huo ni mdogo. Kuta nazo zina neno lake: tofali la kuchoma hupunguza gigahezi 5 kwa kiasi cha kuonekana, na katika vijiji vinavyouzunguka mji, tembe ya jadi ya nyanda za kati yenye kuta nene za udongo huyazuia mawimbi hayo karibu kabisa baada ya chumba kimoja. Kwa familia ya kawaida ya Kondoa, bendi mbili ni jambo zuri kuwa nalo lakini si sababu ya kulipa zaidi. Kwa nyumba ya wageni, ofisi au bweni la wanafunzi, hesabu ni tofauti.

Jambo lingine husahauliwa: simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa gigahezi 5. Simu ya namna hiyo haitauona mtandao wa gigahezi 5 hata ikiwekwa juu ya ruta, na mwenye simu anaweza kudhani ruta ni mbovu.

Ruta peke yake si intaneti

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kununua ruta isiyolingana na chanzo cha intaneti walicho nacho. Ruta husambaza tu. Lazima kitu kingine kiilete intaneti hadi kwake.

Ruta za kawaida za nyumbani, kama TP-Link Archer C7, zina tundu la waya wa intaneti na hazina mahali pa kuweka laini ya simu. Zilikusudiwa nyumba zenye nyaya za faiba au modemu. Nyingine zina tundu dogo la waya wa simu ya mezani, na hazina kazi pasipo na huduma hiyo. Kwa kuwa sehemu kubwa kabisa ya Watanzania hupata intaneti kupitia laini za simu, mnunuzi wa Kondoa kwa kawaida anahitaji aina ya tatu: ruta ya 4G yenye nafasi ya laini. Hapo ndipo majina yanapochanganya. Huawei B315 inatumia laini lakini ina bendi moja tu ya Wi-Fi, gigahezi 2.4; Huawei B525 inatumia laini na ina bendi zote mbili. Kwa umbo zinafanana vya kutosha kumdanganya anayetazama picha kwenye simu.

Ruta za 4G za mtumba zinaweza pia kuwa zimefungwa kwa mtandao mmoja, mara nyingine wa nchi nyingine. Ni lazima ijaribiwe kwa laini ya mtandao utakaotumika Kondoa, iwe Vodacom, Airtel, Yas (iliyoitwa Tigo hadi mwaka 2024), Halotel au TTCL, na si laini yoyote aliyo nayo muuzaji. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole huzimwa, na laini ya ndani ya ruta haina msamaha.

Spidi iliyoandikwa kwenye boksi nayo ina hila yake. "AC1200" ni jumla ya megabiti 300 za bendi moja na 867 za nyingine, katika hali ya maabara. Hizo ni spidi kati ya ruta na simu. Spidi kati ya ruta na mnara haibadiliki kwa kununua ruta yenye namba kubwa zaidi. Ikiwa mnara unatoa megabiti 10, simu itapata 10.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Adapta ndiyo ya kutazamwa kwanza. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Adapta iliyoandikwa "100–240V" ni salama, lakini ile ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee huungua ikichomekwa kwenye soketi ya hapa. Kama adapta imebadilishwa, volti zake za kutoka lazima zilingane na zile za chini ya ruta, na ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta yenye ampea pungufu huleta ugonjwa unaosumbua mafundi: ruta inawaka vizuri, kisha hujizima na kujiwasha watu wengi wakiungana kwa pamoja.

Muuzaji anayeaminika hukubali kutuma video fupi inayoonyesha lebo ya chini ya ruta, taa zikiwaka, majina ya mitandao yote miwili yakionekana kwenye simu, na toleo la programu ya ndani, yaani femweya. Lebo inafaa kulinganishwa na jina linaloonekana ndani ya ukurasa wa mipangilio, kwa sababu maboksi na makasha hubadilishwa. Baada ya hapo iachwe ikifanya kazi kwa saa moja au zaidi, maana hitilafu nyingi za joto hazionekani dakika ya kwanza. Antena zinazolegea si tatizo kubwa. Tundu la umeme linalolegea ni tatizo.

Usalama

Ruta ya mtumba imepita mikononi mwa mtu asiyejulikana. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ESET ya Slovakia ilieleza kwamba ilinunua ruta 18 za ofisi zilizotumika, na zaidi ya nusu ya zile ilizoweza kuchunguza zilikuwa bado na data za wamiliki wa awali. Hatari huenda pia upande wa pili: mipangilio iliyoachwa makusudi inaweza kuelekeza kurasa za benki kwenye tovuti za uongo.

Hatua ya kwanza nyumbani ni kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kidogo cha nyuma kwa sekunde 10 au zaidi hadi taa zibadilike. Kisha huwekwa nywila mpya mbili: ya kuingia kwenye Wi-Fi na ya kuingia kwenye mipangilio yenyewe. Watu hubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili ikiwa "admin", jambo linalomruhusu mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi kugeuza kila kitu. Ulinzi uwe WPA2 (uliotoka mwaka 2004) au WPA3 (2018). Ruta inayotoa WEP pekee haifai kununuliwa kwa bei yoyote. Huduma ya WPS ya kuungana kwa namba huzimwa, kwa kuwa udhaifu wake umejulikana tangu 2011.

Kurudisha hali ya kiwandani hakutibu femweya ya zamani. Mwaka 2018 programu haribifu ya VPNFilter iliambukiza ruta na vifaa vingine visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Mei 2025 FBI ya Marekani ilionya kwamba ruta ambazo watengenezaji wameacha kuzihudumia zilikuwa zikitekwa na kutumiwa na wahalifu kuficha nyayo zao. Miongoni mwa zilizotajwa zilikuwamo Linksys E2500 na E4200, ambazo ni za bendi mbili. Bei ya chini sana huenda inaeleza jambo hilo. Njia moja ya kuzirefushia maisha baadhi ya ruta ni OpenWrt, femweya huria iliyoanza mwaka 2004 baada ya Linksys kutoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G. Archer C7 inakubali OpenWrt. Ruta nyingi za 4G hazikubali.

Bando

Simu nyingi zikiwa kwenye Wi-Fi huamini kwamba intaneti haina kikomo. Huanza kusasisha programu na kupakia picha usiku, na televisheni huchagua picha safi zaidi kadiri mawasiliano yanavyokuwa mazuri. Netflix inaeleza kwamba video ya ubora wa kawaida hutumia hadi gigabaiti 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hadi 3. Kwa nyumba yenye bando la gigabaiti 10, filamu mbili ndefu zinatosha kulimaliza. Ndiyo maana kuna watu wanaosema ruta "inakula bando". Dawa ni kuuwekea mtandao huo, katika kila simu na kompyuta, alama kwamba una kikomo, na kuzima usasishaji wa moja kwa moja.

Umeme, vumbi na radi

Ruta inayotumia wati 10 mchana na usiku hula uniti 7 hivi za LUKU kwa mwezi. Umeme ukikatika, betri ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huweza kuishikilia kwa saa kadhaa, mradi volti za ruta ni hizo. Baadhi hutumia 9 au 5.

Vumbi la Kondoa lina historia ndefu. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huziba matundu ya hewa ya ruta, nayo hupata joto na kupunguza kasi. Inafaa kuwekwa juu, mbali na dirisha na bila kufunikwa kitambaa. Ruta ya 4G ina shida yake hapa: karibu na dirisha ndiko inakouona mnara vizuri, chini ya bati ndiko inakouona vibaya, kwa hiyo mwenye nyumba hulazimika kuchagua na kuipangusa mara kwa mara. Mvua zikianza kuja na radi, ni salama kuichomoa kwenye soketi.

Sheria na mwisho wa matumizi

Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini vinatakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya Kanda ya Kati jijini Dodoma. Kumpa jirani nywila si kosa, lakini kuuza huduma ya intaneti ni biashara inayohitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Ruta iliyokufa ni taka ya kielektroniki: bodi yake ina solda na metali zisizofaa kuchomwa pamoja na takataka za uani. Tanzania ilitunga kanuni za taka za namna hiyo mwaka 2021, na tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopelekewa taka zozote za kielektroniki iarifiwe na kukubali kwanza. Kwa sasa fundi simu bado ndiye mpokeaji mkuu, kwa sababu adapta, antena na kasha la ruta iliyokufa huiokoa nyingine. Kabla ya kumkabidhi, laini hutolewa na kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani hubonyezwa tena, kama ruta bado inawaka.