Kikande na Miamba ya Bahari

Wanachama wetu wengi ni wakulima, lakini habari za mwamba zatuhusu sote. Mwaka 1968 Serikali ya Kenya ilitenga sehemu za bahari za Malindi na Watamu, uvuvi ukakatazwa humo. Jambo zito kwa watu waliao baharini. Baadaye wapiga mbizi walihesabu nungu wa baharini, wale wa miiba na meno matano, wakwanguao matumbawe kama mbuzi waliofunguliwa shambani. Matokeo yaliyotangazwa 1990 yalionyesha kuwa katika miamba inayovuliwa nungu walikuwa wengi zaidi ya mara 100 kuliko katika miamba iliyotengwa. Sababu ni kikande, samaki alaye nungu. Tumvuapo, nungu hujaa. Na hata uvuvi ukikoma, kikande hurudi polepole, kwa miaka mingi.