Nyasi kavu salama kwa punda au farasi mwenye laminaitisi

Punda wa kubeba maji akishindwa kukanyaga chini, nyumba nzima inabaki bila maji. Sababu moja ni laminaitisi, ugonjwa wa uvimbe ndani ya kwato. Mara nyingi huletwa na chakula chenye sukari au wanga mwingi, na mnyama mnene yuko hatarini zaidi. Aliyewahi kuugua huugua tena kwa urahisi.

Dalili zake
Kwato huwa na joto, mnyama husita kutembea kwenye ardhi ngumu, na akisimama huegemea nyuma ili kupunguza uzito wa miguu ya mbele.

Ununue nyasi gani?
Ndugu msikilizaji, robota la kijani, laini na tamu linafaa ng'ombe wa maziwa, lakini si mnyama huyu. Mtafutie nyasi zilizokomaa, zenye mashina mengi na majani machache. Nyasi za Rhodes zilizokomaa ni chaguo zuri kuliko hei ya oti. Punda mwenye meno mazima anaweza pia kula mabua safi ya shayiri.

Fungua robota kabla ya kulipa. Likiwa na ukungu, vumbi au harufu ya uvundo, liache. Kumbuka pia kwamba sukari haionekani kwa macho. Kipimo cha maabara ndicho cha uhakika, na kwa mnyama huyu sukari na wanga kwa pamoja visizidi asilimia 10 hadi 12.

Kama huwezi kupima
Loweka nyasi kwenye maji baridi kwa dakika 30 hadi 60, kisha mwaga maji hayo. Sehemu ya sukari hutoka, ingawa si yote. Mlishe mara moja, kwa sababu kwenye joto nyasi zilizoloa huharibika haraka.

Kiasi gani?
Kadiria kilo moja na nusu ya nyasi kavu kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Acha mahindi na pumba. Lakini usimnyime chakula kabisa: punda mnene akishinda njaa, mafuta hujaa kwenye damu na anaweza kufa.

Ukiona dalili, mwondolee mzigo, msimamishe penye mchanga au matandiko laini, na umpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo.