Picha ya Pasipoti: Kwa Nini Uso Hutoka Kama Makaa?

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo tuongee kuhusu picha za pasipoti.

Ukipita River Road hapa Nairobi hutakosa studio ndogo za picha za papo hapo. Vifaa ni vichache: kamera, taa, ukuta mweupe, kompyuta na printa. Ni barabara hii hii iliyozipa jina sinema za Riverwood, ambazo nazo zilianza kwa kamera ndogo na kompyuta za kawaida. Sasa, mbona nyuso nyingi hutoka kama makaa, meno na macho tu ndiyo yanaonekana? Wengi hulaumu kamera ya bei nafuu. Mimi nasema tuangalie historia.

Kipande cha mkoloni, miaka ya 1920, kilimtambua mtu kwa alama za vidole. Picha ya uso ilikuja baadaye, na filamu ya rangi ilipofika ilikuwa tayari imepimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu. Kwa mujibu wa mtafiti Lorna Roth wa Kanada, msukumo mkubwa wa kurekebisha rangi ya kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu!

Kamera ya dijitali haikumaliza tatizo. Mita ya mwanga hudhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha wastani. Ikiona ukuta mweupe, hupunguza mwanga, na uso mweusi ndio unaoumia.

Dawa yake ni rahisi:

1. Msogeze mtu mita moja na nusu kutoka ukutani, atazame dirisha.
2. Weka karatasi nyeupe ya manila chini ya kidevu, nje ya fremu, irudishe mwanga usoni.
3. Pima mwanga usoni, au ongeza mwanga hadi +1.
4. Mwisho kabisa, fungua GIMP, programu ya bure iliyoanza 1995, na utumie Curves kuinua rangi za kati tu. Usimchubue mtu ngozi!

Kwa nini mwanga kwanza? JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Uso uliobanwa kati ya 15 na 45 una ngazi 30 tu, na ukiuvuta sana unatoka mistari na chengachenga. Kompyuta haiwezi kurudisha kile ambacho kamera haikunasa.

Na jambo hili si urembo tu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa picha za wabunge, wakiwemo wa Rwanda. Kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Leo mashine ndiyo inayoamua kama wewe ni wewe, mpakani na benki. Fundi wa River Road anayejua kuweka karatasi ya manila mahali pake anakulinda kuliko anavyodhani.