Siku Mwalimu alipowaka

Kuna kisa cha Mwalimu Nyerere ambacho tunasimuliwa kama somo la uadilifu. Mimi kila nikikirudia nakiona kisa cha hasira.

Nina sababu. Ni mwepesi wa kuwaka, na mwaka wangu wa kwanza kwenye habari nilimfokea mhariri mbele ya chumba kizima. Akanionyesha mlango.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam (wakati huo bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki) na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, baadhi na majoho yao mwilini. Walipinga Jeshi la Kujenga Taifa kufanywa la lazima kwa wasomi: miaka miwili, miezi 18 kati yake wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai afadhali ukoloni. Hebu fikiria, miaka mitano tu baada ya Uhuru!

Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Hakuwa na hotuba mkononi. Akaigeukia mishahara ya wakubwa, wake ukiwamo, akasema ni mikubwa mno. Papo hapo akaukata wake kwa asilimia 20.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, watu wakapiga makofi. Lakini hasira ile ilikuwa na nusu ya pili. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa, wakarudishwa makwao. Aliyeandika bango na aliyefuata mkumbo, wote walikwenda. Mmoja wao alikuwa Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010.

Namheshimu Mwalimu kwa jambo moja: fimbo ya kwanza alijichapa mwenyewe. Mimi nikikasirika sijawahi kujikata hata senti. Ila ile ya pili naikataa. Hatima ya vijana 400 iliamuliwa damu ikiwa bado inachemka, na pale Ikulu nani angethubutu kumwambia, "Mwalimu, tulale kwanza, kesho tuzungumze"? Rais akikasirika, hasira yake inakuwa amri.

Wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka 1967.

Mhariri wangu naye alinirudisha, baada ya wiki mbili. Nikakuta dawati langu limeshapewa mtu mwingine.