Somo la Historia: Matrekta Yaliyopita Kilosa Kwenda Kongwa

Ninyi mnaosoma Kidodi, pamoja na wenzenu wa Mikumi na Kilosa, wekeni daftari na kalamu karibu, kwani leo historia yetu ina hesabu kidogo ndani yake. Tutazungumza juu ya mashine zinazonunuliwa kwa fedha ya Serikali, na namna ya kuzitunza. Mfano wetu haukutoka mbali. Ulitokea Kongwa, kati ya mwaka 1947 na 1951.

Kwanza tuijue njia. Tawi la reli linalopita kwenu, kutoka Kilosa kwenda Mikumi na Kidatu, lilijengwa miaka ya 1960. Lakini reli ya kati, ile waliyoijenga Wajerumani, ilikuwapo zamani. Ukiishika hapo Kilosa unapanda bonde la Mkondoa, unapita Kidete, Godegode na Gulwe, unafika Msagali. Kutoka Msagali Waingereza walitandika tawi fupi la kwenda Kongwa. Basi likumbuke jina la Kilosa, maana mizigo mizito iliyoshuka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kongwa ilipita katika stesheni hiyo, juu ya njia moja tu ya reli.

Mizigo gani? Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watu wa Uingereza walikuwa bado wakipimiwa chakula kwa kadi, na mafuta ya kula yalikuwa haba. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, akatoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine, zikamuliwe mafuta. Serikali ya Uingereza ikamtuma John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, aje kutazama. Yeye na wenzake wakazunguka kwa wiki tisa, wakaandika kwamba jambo hilo lawezekana. Ukapangwa mpango wa eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Fedha hiyo ilikuwa kodi ya wananchi wa Uingereza. Wagogo waliojua mvua ya Kongwa inavyokuja na inavyokosa, wao hawakusikilizwa.

Mapema mwaka 1947 watu wa kwanza wakafika. Wakakuta pori la miiba lililosongamana, na mibuyu minene ambayo shoka haina neno la kuiambia. Yalitakiwa matrekta mazito, tena mengi, tena upesi. Viwanda havikuweza kuyatoa kwa haraka baada ya vita, kwa hiyo wanunuzi wakaenda kwenye maghala ya jeshi, hata huko Ufilipino. Mengi ya matrekta waliyoyapata yalikuwa yamekwisha kutumika vitani, au yamelala muda mrefu hata yakaingia kutu. Kiwanda cha Vickers nacho kikavigeuza vifaru vya vita aina ya Sherman kuwa matrekta. Fikiri jambo hilo, ndugu yangu: gari la kupigia vita linapelekwa kulima karanga!

Mashine zikafika, lakini karakana kubwa ya kuzitengenezea ilikuwa bado haijawa tayari. Vipuri, yaani spea, havikutosha, na vingine vilikwama bandarini. Mafundi walikuwa wachache. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali unaokula chuma cha jembe, na kiangazi kikikaza ardhi inakuwa kama sakafu. Mizizi ya miiba nayo ikapinda vyuma. Kabla mwaka 1947 haujaisha, katika kila matrekta matatu mawili yalikuwa yamesimama, hayafanyi kazi. Shabaha ya mwaka ule ilikuwa kusafisha eka 150,000. Zilizopatikana zilikuwa yapata eka 7,500.

(Mwalimu asimamishe somo hapa. Wanafunzi wagawe 150,000 kwa 7,500.)

Umepata 20? Vizuri. Maana yake, kwa kila eka 20 zilizokusudiwa, ilisafishwa moja.

Wako watu waliosema kosa lilikuwa la madereva Waafrika, kwamba waliharibu mashine. Mimi sikubaliani nao. Kijana aliyezoea jembe la mkono alifundishwa kwa muda mfupi, akapandishwa juu ya mashine iliyochakaa, akaambiwa asukume mbuyu. Mashine ilipovunjika hapakuwa na kipuri cha kuitengeneza. Lawama ni ya wale waliohesabu bei ya trekta bila kuhesabu dereva, fundi, mafuta na stoo ya vipuri. Hata hivyo tusiwanyime haki waliokuwa pale porini. Wao ndio waliogundua kwamba mnyororo wa nanga ya meli ukifungwa kati ya matrekta mawili unalaza miti mingi kwa mara moja. Ilikuwa akili nzuri, ila ilikuja wakati fedha nyingi imekwisha kupotea.

Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango huo. Hasara iliyofutwa katika vitabu ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Tulipopata Uhuru hatukuwa tumejifunza yote. Kuanzia mwaka 1963 Serikali yetu ilianzisha makazi mapya ya wakulima, kama Upper Kitete kule kaskazini na Rwamkoma upande wa Mara. Kila mahali palikusudiwa kutumia yapata pauni 150,000, pamoja na matrekta. Mwaka 1966 Serikali yenyewe ikaamua kutoanzisha mengine ya namna ile, kwa kuwa gharama ilizidi mapato. Baada ya mwaka 2009 zikaja pawatila chini ya Kilimo Kwanza. Hizo umeziona mwenyewe, nami sina haja ya kukuambia ngapi zinalima na ngapi zimeegeshwa.

Sasa tuje kijijini kwako. Niliwahi kufika katika kijiji kimoja, sitakitaja, kilichopewa mashine ya kusaga kwa fedha ya ruzuku. Ilisaga vizuri kwa muda. Siku mkanda wake ulipokatika, kamati ikafungua sanduku, ikakuta hamna kitu: fedha ya kusagisha ilikuwa imekunywewa chai ya wageni na kulipiwa nauli za mikutano. Hakuna aliyeiba, na daftari halikuwapo. Akina mama wakarudi kwenda mwendo wa saa mbili na madebe kichwani.

Ruzuku huja mara moja, lakini mashine huchakaa kila siku. Tuseme mashine yenu imenunuliwa kwa shilingi 6,000,000, nanyi mnategemea itumike miaka 10. Gawa 6,000,000 kwa 10, unapata 600,000 kwa mwaka. Gawa tena kwa miezi 12, unapata 50,000. Basi kila mwezi mashine inakula shilingi 50,000 za umri wake, hata kama hamkuziona zikitoka. Hizo ziwekwe benki, mbali na fedha ya mafuta, oili, vipuri na mshahara wa mwendeshaji. Kama bei ya kusagisha haiwezi kuzitoa, lijulikane hilo mapema katika mkutano wa kijiji, msingoje mkanda ukatike.

Tena mjue mali ni ya nani. Kwa sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji yaweza kumiliki mali kwa jina lake. Kwa hiyo mashine ya kijiji iandikwe katika leja ya kijiji: namba yake, siku iliyopokewa, bei yake na mahali inapokaa. Mwenyekiti akibadilishwa, mpya aikague kwa macho, ndipo atie sahihi.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kabla ya somo lijalo, nenda kwenye mashine moja iliyo karibu nawe, ya kusaga au ya kusukuma maji. Msalimu mwendeshaji, umwulize oili ilibadilishwa lini, na ni nani aliyeandika siku hiyo. Andika majibu yake kwa mistari mitatu, uje nayo darasani. Akikuambia hakumbuki, andika hivyo hivyo.