Hesabu ya Risasi za Lettow-Vorbeck

Karibu na mwisho wa kumbukumbu zake za vita, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1920, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck ameweka orodha fupi ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Ni orodha ya silaha alizowakabidhi Waingereza mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mzinga mmoja, wa Kireno. Bunduki za rashasha 37, saba tu kati ya hizo za Kijerumani. Bunduki za kawaida 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Risasi 208,000. Jenerali anatamka kwa fahari kwamba katika zile bunduki za kawaida hapakuwa na hata moja ya kisasa iliyotoka Ujerumani.

Mimi naisoma orodha hiyo kwa namna nyingine. Kwa zaidi ya miaka mia tumeambiwa kwamba huyu ni jenerali ambaye hakushindwa, mbweha wa msituni aliyewachezea Waingereza miaka minne. Maneno hayo yamo katika vitabu vya Ulaya, na yametufikia hata sisi ambao mababu zetu ndio waliolipia vita hivyo. Lakini jeshi ambalo silaha zake karibu zote zimeokotwa kwa adui ni jeshi lililoishiwa. Ukifuata hesabu ya risasi kuanzia Agosti 1914, utaona kwamba njia aliyopita Lettow-Vorbeck, kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi, iliamuliwa zaidi na masanduku ya risasi na chakula kuliko ilivyoamuliwa na akili ya mtu mmoja.

Bara letu lilikuwa limekwisha kulijua tatizo hili kabla ya Mjerumani. Misafara ya karne ya 19 ilipandisha magobore kwa maelfu kutoka pwani, na kila mtawala aliyepata bunduki aligundua upesi kwamba bunduki bila baruti ni rungu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulifunga mlango zaidi: bunduki za kisasa zikazuiwa, na kilichoruhusiwa kuuzwa kwa Mwafrika, tena kwa masharti, ni gobore la jiwe na baruti ya kawaida. Mkwawa aliteka mamia ya bunduki za Kijerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, lakini hakuwa na kiwanda cha kuzilisha. Miaka 23 baadaye Wajerumani wenyewe walijikuta katika hali ileile.

Vita Kuu ilipoanza, jeshi la koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na kampuni 14 na askari wapatao 2,500. Wengi wao walibeba Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Kasoro ya silaha hii ilikuwa moshi. Askari akifyatua mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya nyasi, na mpiga rashasha wa upande wa pili haulizi tena pa kulenga. Kampuni chache tu zilikuwa na bunduki ya mwaka 1898, yenye risasi nyembamba na baruti isiyo na moshi. Manowari za Uingereza zilikuwa baharini, kwa hiyo hapakuwa na matumaini ya kuletewa nyingine. Na katika koloni zima hapakuwa na mahali pa kutengenezea risasi mpya.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wa koloni lile walijaribu kutengeneza karibu kila kitu kingine. Katika taasisi ya Amani, milimani Usambara, walitengeneza dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini. Walishona viatu, wakapika sabuni, wakafuma nguo. Tabora, mwaka 1916, walipiga sarafu za heller 20 kwa shaba, na hata sarafu za dhahabu za rupia 15. Risasi mpya haikutoka popote.

Vita vya Tanga vya mwanzoni mwa Novemba 1914 vinajulikana, na sitavirudia. Ninachotaka msomaji akikumbuke ni kile Waingereza walichoacha walipokimbilia merikebuni: rashasha 16, bunduki za kisasa za kutosha kampuni tatu, na risasi 600,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa ghala la Lettow-Vorbeck kwa miezi iliyofuata. Ushindi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa pia siku yake kubwa ya kupokea shehena, na aliyeileta ni adui.

Kisha ikaja Yasini, mpakani, tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani waliizingira ngome ndogo ya Waingereza, na askari wa Kihindi waliokuwa ndani wakajisalimisha. Kwenye vitabu vya sifa huu ni ushindi mwingine. Lakini katika siku zile mbili zilitumika risasi 200,000, na maofisa kadhaa waliokuwa nguzo za jeshi wakafa. Lettow-Vorbeck anakiri kwamba baada ya Yasini alipiga hesabu akaona kuwa, kwa akiba aliyokuwa nayo, angeweza kupigana vita vya ukubwa ule mara tatu tu zaidi. Tangu hapo aliacha mashambulizi makubwa, akaanza kutuma vikosi vidogo kulipua reli ya Uganda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wa wasifu wake. Wao wanasema alichagua vita vya msituni kwa werevu. Maneno yake mwenyewe yanaonyesha kwamba sanduku la risasi ndilo lililomchagulia. Uzito wake tunaweza kuukadiria. Risasi moja ya bunduki ya 1898 ina gramu 24 hivi, kwa hiyo risasi elfu moja ni kilo 24, na ukiongeza sanduku umepata mzigo mzima wa mpagazi mmoja. Risasi 200,000 za Yasini ni wapagazi 200, kila mmoja na mzigo kichwani, na yote iliisha kwa siku mbili. Ya mwaka 1871 ilikuwa mbaya zaidi, maana uzito wake unakaribia mara mbili. Kila mara mwanahistoria anapoandika kwamba kikosi fulani kilifyatua risasi kadhaa, kuna mtu aliyetembea nazo, na mtu huyo hatajwi.

Mwezi Aprili 1915 meli moja ilipenya. Jina lake la asili ni Rubens, lakini ilikuwa imesafiri kutoka Ujerumani ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, chini ya nahodha Carl Christiansen. Tarehe 14 Aprili manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta karibu na Tanga na kuifukuza hadi Ghuba ya Manza. Christiansen aliifungulia maji meli yake ikakaa chini kwenye kina kifupi, akawasha moto mbao zilizokuwa sitahani. Waingereza waliona moto na moshi, wakaamini kila kitu kimeteketea, wakaondoka.

Shehena ilikuwa chini ya maji, na moto haukuifikia. Ilitolewa kwa mikono, sanduku kwa sanduku: bunduki za kisasa zaidi ya elfu moja na mamilioni ya risasi. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yameingia. Risasi iliyoloa bahari huonekana nzima kwa nje, ila ndani baruti imeganda na fataki imekufa. Ukiifyatua unasikia mlio wa chuma kugonga chuma, kisha kimya, na adui yuko mbele yako. Basi zikafunguliwa. Kila moja ilivutwa kichwa chake, baruti ikamwagwa na kukaushwa, ganda likasuguliwa, fataki iliyoharibika ikabadilishwa pale ilipopatikana nyingine, kisha ikajazwa na kufungwa tena. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono kwa miezi, na hata baada ya usafi wote huo nyingi ziliendelea kugoma kulipuka. Ilibidi zijaribiwe na kupangwa kwa madaraja.

Naomba msomaji akae kidogo na picha hiyo. Vita vilivyosifiwa kwa ustadi wa jenerali viliendelea mwaka 1915 na 1916 kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa chini na kufungua risasi moja moja. Vitabu vinamtaja nahodha, na alistahili kutajwa kwa ushujaa wake. Waliotoa masanduku majini Manza, waliosugua maganda na waliobeba mizigo hadi kambini hawana hata mstari.

Meli ya pili, Marie, iliingia Ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, mwezi Machi 1916. Safari hii mambo yalipangwa vizuri: shehena ilikuwa imefungwa tangu Ulaya katika vifurushi vya uzito wa kichwa cha mpagazi. Aliyepanga mzigo ule alijua vyema injini ya vita hivi ilikuwa nini. Mizinga na risasi vikapandishwa bara kwa miguu, kama ilivyokuwa kwa mizinga 10 ya manowari Königsberg, iliyozamishwa katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga hiyo ilitolewa, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa nchi nzima na watu waliofungwa kamba mabegani. Mmoja wake umesimama hadi leo mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, na yeyote anayetilia shaka uzito wa kazi ile aende akauone.

Baada ya Marie hakuna tena kilichofika. Kufikia Oktoba 1917 Wajerumani walikuwa wamesukumwa hadi kusini kabisa, na Mahiwa, kati ya tarehe 15 na 18 mwezi huo, palipiganwa vita vikali kuliko vyote vya kampeni hii. Waingereza walipoteza watu wengi zaidi, na kwa hiyo Mahiwa huhesabiwa kuwa ushindi wa Lettow-Vorbeck. Siwezi kukubali hesabu hiyo. Pale alimaliza karibu akiba yake yote ya risasi zisizo na moshi. Alibaki na bunduki za mwaka 1871, wingu lake jeupe na maelfu ya watu wasio na chakula. Mwezi uliofuata aliwaacha nyuma wagonjwa na wote aliowaona ni mzigo, akavuka Ruvuma. Kapteni Tafel, aliyekuwa akija kuungana naye kutoka Mahenge, alikosa chakula na risasi, akajisalimisha mwishoni mwa Novemba. Siku hizohizo ndege ya puto L59, iliyoondoka Jamboli nchini Bulgaria na shehena ya tani 15 hivi, risasi zikiwemo, iliamriwa kwa redio kugeuka ikiwa juu ya Sudan, kwa kuwa uwanda wa Makonde ulikwisha kupotea na hapakuwa na pa kutua.

Tarehe 25 Novemba 1917, Ngomano, askari wa Lettow-Vorbeck waliivamia kambi ya Wareno wakapata bunduki, rashasha na risasi mpya. Muda wote wa Msumbiji uliofuata ulikwenda hivyo: kambi moja hadi nyingine, kutafuta unga na risasi. Hilo ndilo jibu la swali kwa nini orodha ya Mbala haina bunduki ya kawaida ya Kijerumani.

Wapo watakaosema kwamba kujilisha kwa silaha za adui ni ustadi wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, na sikatai kwamba mtu huyu alijua kuongoza watu. Lakini ustadi huo ulitumika kwa nini? Lengo lake lilikuwa kuwazuilia Waingereza askari wasipelekwe Ulaya. Gharama yake ilikuwa vijiji vilivyonyang'anywa akiba na majeshi ya pande zote, na njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Upande wa Uingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufikia karibu laki moja. Upande wa Wajerumani hawakuandikwa ipasavyo. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014, amewatazama askari kama watu wenye malengo yao, waliotafuta hadhi, mali na familia, wala si watumwa waaminifu wa jenerali. Njia hiyo inafaa ifuatwe hadi kwa wapagazi. Hadithi ya askari wazee wa mwaka 1964, wanaosemekana kupewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani washike silaha ili walipwe malimbikizo yao, inapendwa sana Ulaya. Haina nafasi kwa mpagazi, kwa sababu hakuna amri ya kijeshi ambayo angeweza kuikumbuka, na hakuna aliyemlipa.

Makumbusho yetu yana mizinga na sanamu za askari. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la wabeba mizigo wa Mwingereza, lakini wa Mjerumani hawana hata mtaa. Bado zipo familia Sudi, Lindi, Mahiwa na Manza ambazo wazee wao walisimulia habari za masanduku yaliyobebwa usiku. Aliye na simulizi hiyo aiandike, aweke jina la babu yake na la kijiji alikochukuliwa, aipeleke kwenye Nyaraka za Taifa au idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu naye. Wajukuu waliosikia kwa masikio yao nao wamezeeka, na kazi hii haiwezi kusubiri kizazi kingine.