Binti Sultani Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Katika karne ya 19 mwanamke aliyeshika kalamu alitazamwa kwa shaka hata kule Ulaya. Charlotte Brontë, binti wa mchungaji, alipotoa kitabu chake Jane Eyre mwaka wa 1847, alikitoa kwa jina la kubuni, Currer Bell, watu wasipate kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Mwenzake Mary Ann Evans alijiita George Eliot, nalo ni jina la kiume. Habari hizo zimo katika vitabu vingi vya shule. Lakini ni wachache kwetu wanaojua kwamba Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na mwanamke wake wa kalamu wakati ule ule. Jina lake Salme, binti Said bin Sultani, mtawala wa Omani na Unguja.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukoni mwa bahari, nje kidogo ya mji wa Unguja. Mama yake, Jilfidan, hakuwa Mwarabu. Alikuwa mwanamke wa Kicherkesi, mzaliwa wa nchi za milima ya Kaukazo, aliyetekwa vitani angali mtoto, akanunuliwa kuwa suria wa Sultani. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia: mama wa binti huyu wa kifalme aliingia jumbani kama mtumwa.

Jumbani Mtoni zilisikika lugha nyingi, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na Kiswahili. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa, kwa maana kalamu ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Salme hakukubali. Alichukua mfupa mpana wa bega la ngamia, ndio uliokuwa kibao cha wanafunzi, akaweka Kurani mbele yake, akawa anaiga herufi moja moja kwa siri mpaka mkono ukazoea. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana. Lakini ujuzi ulikuwa umekwisha kuingia, wala hakuna awezaye kumnyang'anya mtu ujuzi wake.

Ujuzi huo ulimtia mashakani upesi. Sultani Said alifariki mwaka wa 1856, naye Majid akatawala Unguja. Mama yake Salme alifuata mwaka wa 1859. Mwaka huo huo Barghash, mdogo wake Majid, alitaka kumpindua ndugu yake. Wenye shauri hilo walihitaji mtu wa kuwaandikia barua zao, mtu wa ndani asiyetiliwa shaka. Wakampata msichana wa miaka 15. Basi Salme akawa karani wa maasi. Waingereza wakamsaidia Majid, maasi yakavunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid alimsamehe dada yake, na Salme mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimkosea ndugu aliyekuwa mwema kwake. Hata hivyo wengi wa jamaa zake walimtenga.

Katika upweke huo alijuana na jirani yake mjini, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg. Alipopata mimba aliona kwamba maisha yake yako hatarini. Mwezi wa Agosti 1866 akatoroka usiku katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko akazaa mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Waanglikana, akaitwa Emily, na siku ile ile akafunga ndoa na Ruete. Wakasafiri kwenda Ulaya, na yule mtoto akafa njiani.

Hapa yatupasa kutua kidogo. Kitabu chake chasema kwamba alifundishwa dini kabla ya kubatizwa. Lakini barua alizoziandika, ambazo zilichapwa baada ya kufa kwake, zaonyesha kwamba mafundisho hayo hayakupata mizizi, na kwamba moyo wake ulikaa miaka mingi kati ya dini mbili bila kupumzika katika yoyote. Hatumhukumu. Alikuwa peke yake, katika mji wa ugeni, akimngojea mchumba. Twafikiri tu juu ya wale waliomharakisha. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma Mapadri Weupe katika nchi zetu, aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya maji ya ubatizo. Wazee wengi walinung'unikia muda huo. Msomaji wa barua za Salme aweza kuelewa kwa nini Kardinali hakutaka kuupunguza.

Hamburg ilikuwa baridi, na si baridi ya hewa tu. Watu walimtazama kama kitu cha maonyesho. Alizaa watoto watatu, na yule mdogo alikuwa na miezi minne tu wakati baba yao alipokanyagwa na tramu ya farasi, mwezi wa Agosti 1870, akafa. Miezi miwili baadaye Majid naye alifariki, Barghash akawa Sultani, yaani ndugu yule yule ambaye Salme alimwandikia barua za maasi. Mjane akatumaini kupata urithi wake. Barghash hakumjibu. Kwake yeye, dada aliyeacha dini ya baba zake alikuwa amekufa. Salme akawa anafundisha Kiarabu apate riziki ya watoto.

Ndipo akarudia kalamu. Aliandika si kwa ajili ya wauza vitabu, bali kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa wadogo mno kuelewa asili ya mama yao. Alikuwa dhaifu wa mwili, akaogopa kwamba atakufa kabla hawajakua. Mwaka wa 1886 maandiko hayo yalichapwa Berlin kwa Kijerumani, kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu, na mwaka wa 1888 yakatoka kwa Kiingereza. Tofauti na wale Waingereza wawili, yeye hakujificha nyuma ya jina la mwanamume. Katika kitabu hicho twaona jumba la Mtoni, vyakula, mavazi, sikukuu, magonjwa na wivu wa masuria. Twamwona Sultani Said kama baba, akitembea barazani kwake, si kama mtawala tu wa vitabu vya historia. Hakuna mzungu aliyeweza kuandika hayo, maana hakuna mzungu wa kiume aliyeruhusiwa kuingia humo.

Lakini sisi tunaokaa Masisi na Walikale hatuwezi kukisoma kitabu hicho kama wanavyokisoma watu wa Hamburg. Pembe za ndovu zilizotajirisha Unguja zilitoka bara, na katika miaka ya utawala wake Barghash nyingi zilitoka Manyema, jirani yetu. Zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao waliuzwa pamoja na mzigo. Hata Kiswahili hiki tunachosali nacho kilifika kwetu kwa njia hizo za misafara. Salme alitia katika kitabu chake sura nzima juu ya utumwa. Alisema kwamba watumwa wa Waarabu walitunzwa vema, kwamba kuwaachilia ghafula kuliwadhuru mabwana zao, na kwamba mtu mweusi hapendi kazi. Maneno hayo yanauma, na yanashangaza zaidi yakitoka kwa mtoto wa mama aliyenunuliwa. Aliuona utumwa kutoka dirisha la jumba. Njia ya msafara hakuiona kamwe.

Mtu mwingine wa Unguja aliiona sana. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani, mwaka wa 1887, naye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Basi mfanyabiashara ana kitabu chake, binti Sultani ana chake. Je, aliyebeba pembe?

Kimoja kipo, kidogo, na twakipenda kukitaja kwa sababu kilizaliwa katika misioni. Mnamo mwaka wa 1865, Salme angali Unguja, msichana wa Kiyao jina lake Swema alifikishwa kisiwani humo na msafara. Mama yake alikuwa amekwisha kuachwa njiani, hana nguvu tena. Swema mwenyewe alikuwa amekonda hata wenye mali wakaona hafai kulipiwa ushuru, wakamzika angali hai. Kijana mmoja akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misioni ya Katoliki. Habari zake zilichapwa Ufaransa mwaka wa 1870. Ni kweli kwamba mkono ulioandika ni wa mapadri, nao walikuwa na nia ya kuwaamsha wafadhili wao, kwa hiyo hatuwezi kujua kila neno lake. Lakini wanasimulia kwamba siku moja mfanyabiashara aliyejeruhiwa aliletwa misioni, Swema akatumwa kumhudumia, akamtambua kuwa ndiye bwana wa msafara ule. Alishindana na moyo wake, kisha akamwosha vidonda. Tangu jumba la binti Sultani mpaka misioni hiyo mtu aliweza kwenda kwa miguu, wala hatuna habari kwamba wasichana hao wawili walionana.

Mwaka wa 1885 Salme aliiona tena Unguja, lakini akiwa ndani ya merikebu za Wajerumani, waliotaka kumtumia ili kumtisha Barghash. Watu wa mjini walimfuata barabarani wakimsalimu kwa furaha. Ndugu yake hakumfungulia mlango. Wajerumani walipopata walichotaka kwa Sultani, madai ya mjane hawakuyajali tena. Alirudi mara nyingine mwaka wa 1888, bure vilevile, akaenda kukaa Yafa, halafu Beirut, mpaka mwaka wa 1914.

Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg karibu na mumewe. Katika vitu vyake palionekana mfuko mdogo wa mchanga aliouchota pwani ya Unguja na kuutunza miaka yote. Waliuweka pamoja naye kaburini.